Karatasi ya Themanini na Nane

Nyumba ya Bi Casilda, chumba cha uani,
Sucre.
Ijumaa, 10 Agosti.

Mpendwa Shangazi Hortensia,

Nakusalimu kwa mapenzi na heshima. Magoti yako yamepata nafuu? Na Mzee Eloy, bado anakohoa kwa vumbi la kiwandani, au amekubali kujifunga kitambaa? Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama ananiuliza kila asubuhi kwa nini sili. Sijamwambia. Wewe ndiwe wa kwanza.

Katika barua yako ya Juni uliniuliza hiyo jurisprudencia niliyoisomea miaka mitano ni kitu gani, maana majirani walikuuliza ukawajibu "mambo ya sheria" ukaona aibu. Chuoni tulifundishwa maana yake, mawanda yake na umuhimu wake, nami nilikariri vyote vitatu nikapata alama za juu. Leo nitakueleza kwa kisa.

Kuna mama anaitwa Saturnina Yampara. Anauza api ya moto, ule uji wetu wa mahindi, kwenye lango la soko, palepale alipokoroga mahindi mama yake. Hana hati. Ana mazoea tu, ya miaka hamsini na moja kati yao wawili. Chama cha wachuuzi kilimshtaki kwenye mahakama ninayofanyia ukarani ili aondoke. Swali lilikuwa moja: mazoea ya muda mrefu yanaweza kuzaa haki?

Hakimu wetu, Daktari Ninoska (si unajua, huku kila mwanasheria ni daktari, hata mimi ambaye sijatibu kuku), alinipa niandae rasimu ya hukumu. Desturi ni hii: unatafuta hukumu ya mahakama ya juu iliyokwisha kujibu swali kama hilo, unanakili aya inayofaa. Niliipata, aya yenye ufasaha: mazoea hayazai haki, hata yakidumu karne. Nikainakili. Hakimu akatia saini. Mama Saturnina akashindwa.

Juzi nilikuwa nashona jalada la kesi kwa sindano na uzi, kama tufanyavyo. Nikaitazama tena ile hukumu ya juu. Chini ya aya yangu palikuwa na jina la jaji mmoja peke yake. Shangazi, majaji wanne waliamua kwamba mazoea yanaweza kuzaa haki. Huyu wa tano alipinga, na maoni yake yakachapishwa nyuma ya hukumu, kama ilivyo kawaida. Mimi nilinakili maneno ya aliyeshindwa nikayaita sheria.

Basi hiyo ndiyo maana yake: kujua kwa nini neno la huyu ni sheria, na la yule, hata likiwa tamu zaidi, linabaki maoni yake. Mawanda yake nilidhani ni maktaba; kumbe yanafika mpaka kwenye sufuria ya api. Na umuhimu wake ni kwamba rufaa isipokatwa ndani ya siku kumi, polisi wanakuja kubeba jiko. Juzi ilikuwa siku ya tisa.

Nilimwonyesha Don Wálter, karani mkuu. Alisoma, akafunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi na wewe hujui. Si ana wakili? Akate rufaa."

"Wakili wake hajaonekana tangu hukumu isomwe."

"Limbert, mwanangu, ajira yako ni ya muda. Unataka ukakae nje ya lango upigie watu taipu?"

Hakimu akishatia saini hawezi kuigeuza hukumu yake. Hurekebisha majina na tarakimu tu. Na karani akimshauri mwenye kesi, anafukuzwa na kushtakiwa. Lakini chochote kinachoingia kwenye jalada, lazima pande zote mbili zijulishwe. Jana asubuhi nikaandika taarifa: mimi, Limbert Arancibia, nilinakili maoni ya jaji aliyepinga. Nikatia saini, nikaishona. Ikawa karatasi ya themanini na nane.

Hakimu aliisoma mara mbili. Hakunifokea, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Aliandika pembeni, "Pande zijulishwe," kisha akasema bila kuniangalia, "Jumatatu saa mbili, uje na maelezo yako. Mimi pia nitatakiwa kutoa yangu."

"Umejishonea sanda, kijana," Don Wálter aliniambia. "Na mshono mzuri, sikatai."

Mama Saturnina, aliyeitwa kujulishwa, alifika saa tisa alasiri, aproni ina unga. Hajui kusoma, na karani anaruhusiwa kumsomea mtu kama huyo bila kuongeza neno.

"Haya, daktari mdogo. Usinisomee kama padri, nataka kuelewa."

Nikamsomea.

"Huyo Limbert ndiye nani?"

"Ni mimi, Mama."

Alijifuta mikono kwenye aproni. "Na api yangu ulikuwa unakunywa kila asubuhi. Haikukukwama kooni?"

Nilitamani kupiga kelele, kimbia, Mama! Badala yake nikarudia mstari wa mwisho wa taarifa, polepole: muda wa rufaa unakwisha leo saa kumi na mbili jioni.

"Unarudia nini? Mimi si kiziwi." Kisha akatazama saa ya ukutani. Akakusanya sketi zake akatoka mbio, na ana miaka sitini na mitatu.

Saa kumi na moja na dakika hamsini na sita aliingia akimvuta wakili kwa mkono wa koti kama mbuzi wa mnadani. Nikagonga mhuri. Kwa haraka niliyokuwa nayo, nikaugonga mara mbili.

"Wa pili wa nini?" wakili akauliza.

"Mwache," Mama Saturnina akasema. "Wa pili ni wake."

Kwa hiyo jiko lake halitaguswa mpaka rufaa isikilizwe. Mimi yatakayonipata sijui. Nilidhani nikishasema hofu itaniacha, haijaniacha. Kila viatu vikilia uani nahisi wamekuja kunichukua. Tafadhali usimwandikie Mama. Nataka alisikie kinywani mwangu.

Nisalimie Mzee Eloy, binamu Yesenia na pacha wake. Mungu awalinde katika nchi ya watu na awape joto. Barua hii naituma kwa basi la leo usiku ikuwahi. Uniombee Jumatatu saa mbili. Kumbuka kwenu itakuwa saa tatu, Shangazi; usichelewe.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, ninayekupenda,
Limbert