Kikombe cha Shaba cha Jayanti

Jumatano, Januari 1969

Na mimi nlidhani ndio usawa! Nlipofanywa mkuu wa ofisi yetu ya ghala la karafuu, Malindi, mwezi huu, amri yangu ya mwanzo ilikuwa juu ya mtungi wa maji: sote tutakunywa kwa kikombe kimoja, hapana changu wala chako. Nkakitoa msumarini kikombe cha shaba cha Jayanti, karani wetu wa Kihindi, nkakifungia kabatini. Nliona anatufanya sisi najisi.

Leo saa sita alikuwa akipima magunia, joto likamlegeza, akakaa chini. Bi Salma, mpiga chapa wetu, akamletea maji. Akayakataa kwa upole.

Bi Salma akanigeukia mimi. "Hujui? Tangu ulipokifungia kikombe chake hajanywa maji hapa. Kwa dini yao, kikombe cha mtu ni cha mtu. Nawe hata hukumuuliza."

Nlikumbuka Ramadhani iliyopita. Yeye hafungi, na kikombe chake kilikuwa pale pale msumarini, lakini mwezi mzima hakunywa hata funda moja mbele yetu. Wala hakuna aliyemwamuru.

Nkafungua kabati, nkakifuta vumbi, nkampa kwa mikono miwili. Nlitaka kumwomba radhi, nkasema tu, "Kikombe chako hiki."

Akakipokea. "Ahsante, Bwana Mkubwa."

Miaka saba tumekaa meza moja, na siku zote akiniita Saidi.