Kiwambo cha Vipande Vinne

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata kazi ya ajabu! Mdogo wangu, mwalimu wa majaribio kwenye chuo cha ukunga, kaja mbio hata kufuli la duka sijafungua. Ijumaa anafundisha mbele ya jopo. Akifanya vizuri anaajiriwa, akivurunda anafunga virago. Somo lenyewe: jinsi kiwambo kinavyojiunda kwa mtoto aliye tumboni. Kiwambo ni ule msuli wa kupumulia, unaotenga kifua na tumbo. Michoro wanafunzi wanaisinzilia, anasema. Anataka mtoto wa kitambaa, wa kufungua na kufunga kwa vifungo.
Nikamwambia mimi ni fundi wa sare na mashuka. Lakini moyoni nilishakubali zamani.

Jumanne, 4 Machi
Jamani! Kumbe kiwambo si kipande kimoja. Ni vinne! Kimoja cha mbele, kingine cha nyuma kwenye njia ya chakula, mikunjo ya pembeni kulia na kushoto (jozi hiyo huhesabiwa kimoja), halafu pindo kutoka ukuta wa mwili. Na kinaanzia shingoni! Wiki ya nne, mtoto hazidi punje ya mchele. Mwili unarefuka, kiwambo kinashuka, kinaburuta neva zake mbili, nyuzi zinazokipa amri ya kupumua, mpaka chini ya mapafu. Tundu la kulia huziba kwanza, la kushoto mwisho. Miaka yote hii napumua tu, sina habari.
Nimekata satini nyekundu. Mteja wa sare kaja, nimemwambia arudi kesho. Kanuna. Anune.

Jumatano, 5 Machi
Nimemaliza! Nimempiga pasi mpaka mgongo. Mtoto kapendeza!

Alhamisi, 6 Machi
Nimeharibu. Mdogo wangu kamfungua, kapekua, kaniuliza neva ziko wapi. Zile nyuzi nyeupe alizozishikiza mwenyewe shingoni Jumanne — nimezikata! Si zilikuwa zinaning'inia? Fundi gani anamkabidhi mteja kazi yenye nyuzi zinazoning'inia?
"Bila hizo hapumui, dada."
Mimi nikacheka. Yeye akalia. Basi nikafumua mgongo mzima, nikapitisha nyuzi mpya. Vidole vimetoboka, lakini sasa mtoto anapumua.

Ijumaa, 7 Machi
Naandika kwenye benchi nje ya darasa. Nimesikia yote dirishani. Kaanza kwa kubabaika, kisha kawaka! Mama wa jopo, mwenye miwani, kauliza ikiwa upande wa kushoto hauzibi inakuwaje. Mdogo wangu kafungua vifungo, kasukuma utumbo wa kitambaa juu, pafu likabanwa likawa dogo kama soksi. Kasema ndiyo maana watoto wengine wanazaliwa wanahangaika kupumua. Nilitaka kupiga makofi!
Halafu kaulizwa upande upi unaziba kwanza. Kasema kushoto.
Kushoto! Woga tu, anajua vizuri kuliko mimi. Nimeuma kitambaa nisipige kelele. Mama wa miwani hakumsahihisha. Kasema aliyeshona aitwe, ashone upya mbele yao, kwa mpangilio ule ule wa mtoto tumboni. Nina dakika tano nijiandae, na vipande vya akiba nimevitoa mkobani.
Nikianzia kushoto nafundisha uongo. Nikianzia kulia namuumbua mdogo wangu, kazi inamponyoka.
Mdogo wangu katoka. Kakaa karibu yangu, kavitazama vipande mapajani mwangu.
"Anzia kulia, dada. Nitawaambia mwenyewe kwamba nimekosea."
Wanatuita. Uzi nimeulamba mara tatu, bado haupiti kwenye tundu la sindano.