Programu Imefuta Makaburi, Ikaacha Kikombe cha Chai

Jumatano. Mvua imenyesha tangu asubuhi, ziwa halionekani dirishani, na mimi nina hasira. Naandika nikiwa bado ofisini, hapa Kigoma mjini, kwa sababu nikirudi Ujiji hivi nilivyo nitamgombeza mtu asiye na kosa.

Kazi yangu, kwa usiyeijua, ni kuchora kwa kompyuta. Watu wanaleta michoro ya karatasi iliyopigwa skani, nami naigeuza kuwa mistari inayoweza kushikwa, kusogezwa na kupimwa. Naiweka ile karatasi chini kama kivuli, halafu napita juu yake mstari kwa mstari. Ni kazi ya macho na mgongo. Bosi wangu anaiona ni kupoteza muda.

Jumatatu sikuwepo, nilimpeleka mama hospitali. Bosi akauchukua mchoro wa zamani wa kambi ya wakimbizi, akautia kwenye programu mpya inayogeuza yenyewe. Muda mfupi tu, kazi kwisha. Akachora juu yake mtaro wa maji ya mvua, akatia sahihi, akautuma kambini. Leo asubuhi ndiyo ananionyesha, anatabasamu.

Nikautazama. Vibanda vipo, njia zipo. Namba nyingine zimegeuka vifundo vya uzi, hilo ni la kawaida. Katikati, mahali ambapo mtu aliwahi kutua kikombe cha chai juu ya karatasi, programu imechora duara safi kabisa, na bosi ameliandika kuwa tangi la maji.

Pembe ya mashariki ilikuwa nyeupe.

Mchoro ule tuliuchora kwa mkono, mimi na mpima ardhi, miezi ile watu wa Burundi walipokuwa wakiletwa kwa meli kutoka Kagunga, mpakani, na kupandishwa mabasi kwenda kambini. Wengi walifika wagonjwa. Watoto walikufa. Walizikwa pembe ya mashariki, na kwa kuwa hapakuwa na saruji wala mbao, wazazi walichomeka tawi la mnyaa, mti wa kuzungushia mashamba, kwenye kila kaburi. Sisi tukachora kistari kifupi kwa kila tawi. Kistari kimoja, mtoto mmoja.

Matawi yale yameshika, yameota, sasa yanaonekana kama ua wa shamba la mtu. Dereva wa eskaveta atakayechimba mtaro wa bosi kupita pale hawezi kujua. Wazazi wengi wamesharudi kwao, na waliobaki hakuna anayewauliza. Kilichokuwa kinajua ni mchoro.

Nikamuuliza bosi vistari viko wapi. Akanijibu bila hata kugeuza kiti.

"Ule ulikuwa uchafu wa skani. Nimeiambia programu ifute kila mstari mfupi."

Uchafu.

Nilimpandishia sauti, na mimi si mtu wa kupandisha sauti kwa mkubwa. Nilimwambia kikombe cha chai amekiacha, watoto amewafuta. Akaanza kunieleza kwamba mchoro umeshapitishwa, kwamba kuuzungusha mtaro ni kuanza upya, na maji yanaingia kwenye nyumba za watu. Na ni kweli yanaingia, nimeona mwenyewe magodoro yaliyoanikwa juu ya mapaa. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba ana sababu nzuri. Lakini sababu nzuri haimpi mtu ruhusa ya kuchimba juu ya mtoto wa mwenzake.

Nikampigia msimamizi wa kule kambini. Eskaveta inaanza kesho, na inaanzia mashariki. Aliniambia kwa upole kwamba yeye anafuata karatasi aliyonayo, nikimletea nyingine yenye sahihi atafuata hiyo. Atanisubiri asubuhi, ila si kutwa.

Nilipokata simu nikamkumbuka Mama Divine, mmoja wa wazazi waliobaki kambini.

Siku ile ya kupima alitufuata nyuma, kanga imefungwa kiunoni, haongei. Tulipomaliza akaomba aone karatasi. Nikamwonyesha tawi lake liko wapi. Akaweka kidole juu ya kistari cha mwisho, karibu na njia.

"Uyu ni uwanje," akasema. Huyu ni wangu. Kiha chetu na Kirundi chao havipishani sana, nilimwelewa vizuri kuliko nilivyotaka. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili kama mvua ikinyesha kitafutika.

"Hakifutiki, mama," nikamwambia. "Ni wino."

Divine alikuwa mtoto wake wa pekee. Mpaka leo watu wanamwita kwa jina hilo.

Basi nimeshinda hapa nikivirudisha. Sikuigusa ile programu. Nimeiweka karatasi chini, nikapita kistari baada ya kistari kwa mkono wangu, nikavitenga kwenye tabaka lao peke yao na kulifunga, asije mwingine akavisafisha. Tangi la chai nimelifuta. Mtaro nimeuzungusha nje ya minyaa. Umekuwa mrefu zaidi, na maji yatapita vilevile.

Jioni nikamwekea bosi mchoro mezani. Akageuza kiti, akavitazama vistari.

"Kila kimoja ni mtu?"

"Kila kimoja."

Akatia sahihi. Hakuomba radhi, nami sikumshukuru. Hasira bado ninayo, na juu yake hofu ya gari kukwama kwenye matope kabla ya kufika kambini.

Kesho napanda gari la kwanza la Kasulu kwenda kambini, mchoro nimeuviringisha ndani ya nailoni. Msimamizi atapata nakala yake. Lakini sitaanzia kwake. Nitaanzia kwa Mama Divine, nimfungulie karatasi, nimwombe aweke kidole pale pale alipokiweka.

Mpaka aseme ni wake, eskaveta haiwashwi.