Nyoka wa Chupani na Mkono wa Ange

Lidcombe, Sydney,
14 Mei 2025.

Mpendwa mpwa wangu Fiacre,

Hapa Australia jambo la nyoka haliamuliwi kabla Anicet hajaitwa. Hilo mnalijua wote hapo kambini Nyarugusu.

Hamjambo? Mkeo Honorine, kifua kimepoa? Na mama yako, dada yangu Nibigira, miguu inamwacha alale? Sisi tu wazima. Baridi imeanza, goti langu linalalamika, ila Mungu anatushika.

Simu yako haipatikani tangu Jumapili. Ndiyo maana nimeandika kwa mkono, na binti yangu Kelly ataipiga picha barua na kumtumia Mchungaji Niyonzima. Mchungaji, msomee leo leo mbele ya watu, kama ulivyowasikilizisha ujumbe wangu wa sauti mwezi uliopita. Usiruke mstari.

Fiacre, mwanao Ange asitie tena mkono kwenye viota vya kuku! Chungulia wewe mwenyewe, na tochi, na fimbo ndefu.

Mwezi uliopita nilisema nyoka mla mayai hana neno, kwamba nimemvaa shingoni kama tai, mtoto aokote mayai bila hofu. Mkapiga makofi. Jumamosi Honorine akaniandikia kuwa kuku wawili wamekutwa wamekufa juu ya mayai yao, wamevimba.

Usingizi ukanikimbia. Nikamwomba Kelly anisomee habari za yule nyoka wangu. Kumbe ni wa misitu ya Amazoni, Amerika ya Kusini! Mwekundu kama pilipili, kichwa cheusi, ukosi mweupe, mwembamba kama kamba ya kiatu. Hupekua chini ya majani makavu akitafuta mayai ya mijusi na ya nyoka wenzake, yale ya ganda laini, akayapasua kwa meno ya nyuma. Naye hutaga mawili matatu tu. Yai la kuku haliingii kinywani mwake, na Afrika hayupo.

Basi anayeua kuku wako ni mwingine. Swila naye hula mayai, na kuku akikaidi humuuma. Mkono wa mtoto je?

Rispah, dada Mkenya ninayefanya naye kazi, alinisikia nikisimulia haya akasema, "Mzee, kwa mdomo una digrii tatu. Huyo msichana akiumwa, utamwambia nini dada yako?"

Nikashika kalamu.

Kwa hiyo watu wasikie, asibaki mtu wa kusema mjomba wa Sydney aliruhusu. Mimi si bwana nyoka. Nasafisha ghala la makumbusho huko Wetherill Park, la wanyama waliokufa zamani, wamelazwa kwenye chupa za spiriti. Huyo wangu yumo chupani.

Msalimie Nibigira, asinicheke sana. Msalimie Honorine. Mungu auweke mkono wa Ange ndani ya mkono wake.

Nakupenda kuliko ninavyoipenda sifa yangu,
Mjomba wako Anicet.

Tena, Mchungaji, soma na hili: hata hiyo chupa siifuti mimi. Namwogopa. Rafu ile hunifutia Rispah.