Nahodha Hakupiga Hodi

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Kikuyu hatujambo. Mama yako anahangaika na zabibu, ndege wanazimaliza.

Umeniuliza kama ile filamu ya watu wa angani uliyonitumia kwenye simu ndiyo niliyokuwa nakusimulia. Ndiyo hiyo. Nimeitazama jana.

Miaka ile bidhaa za nje zilipoanza kuingia, babu yako alinunua deki ya video, majirani wakawa wanajaa sebuleni. Kiingereza alikijua yeye peke yake, kwa hiyo alitutafsiria. Chombo kinatua kwenye sayari ngeni, nahodha anafika mlangoni kwa wenyeji, na babu yako anasema, "Hodi, wenyewe. Tumepotea njia, tunaomba maji." Jirani yetu Mama Zuhura, mtu wa Kondoa, akasema, "Kumbe hata huko juu wana adabu."

Safari hii kuna maandishi ya Kiswahili chini. Neema, nahodha hakupiga hodi. Aliupiga mlango teke, akawaambia wenyeji kuanzia leo maji ni yake. Na sisi tulikuwa tunamshangilia mtu yule.

Babu yako alijua, na amekwenda kaburini bila kuniambia. Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Nikairudisha filamu nyuma hadi pale mlangoni, nikazima sauti, nikasema mwenyewe, "Hodi, wenyewe."

Mama yako akaitikia kutoka uani, "Karibu, pita ndani."

Ni mimi bibi yako.