Kabla Hujawasha Pikipiki Kwenda Mgodini

Makumira,
Usa River, Arusha.
14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Elisaria,

Hujambo huko Dar? Rachel na watoto hawajambo? Wewe sikuulizi afya, maana mgonjwa hanunui pikipiki kubwa kama ndama wa maonyesho. Sisi huku tunapumua. Baridi ya mlimani imeshaingia, kahawa imeanza kuiva, na mama amekataa kula. Hilo la mwisho ni kazi yako.

Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu nikianza tu kusema, unadai mtandao unasumbua. Karatasi haina mtandao. Soma mpaka mwisho.

Safari yenu nimeielewa. Mwezi wa nane wewe na wenzako mnakwenda kusini na mapikipiki yenu, mpite kwenye ule mgodi wa makaa ya mawe uliofungwa, mlale kwenye mahema kando ya mashimo, mpige picha. Raha gani hiyo? Mashimo hayo ndiyo yaliyomwua baba yetu, na wewe unakwenda kujipiga picha pale na jaketi la ngozi! Hata aibu huna.

Hata hivyo ningenyamaza. Mtu mzima na pikipiki yake. Lakini yule mwenyeji wenu aliyetangulia kukagua njia akakutumia picha ya msalaba wa zege pale mgodini, umeandikwa jina la baba, kamili, na la ukoo. Akakueleza kwamba baba alifukuliwa wiki kadhaa baada ya mgodi kuporomoka, wenzake wakamtambua, wakamzika hapo hapo. Na wewe, bila hata kunipigia, ukaitupa picha kwenye kundi la WhatsApp la familia ukaandika, "Jamani, kumbe mzee ana makaburi mawili!" Ukaongeza na kale kauso kanakoshangaa. Elisaria, mama yumo kwenye kundi hilo! Simu yenyewe ulimnunulia wewe.

Ngoja nikukumbushe, maana ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Siku chache tu baada ya mgodi kuporomoka, sanduku lilikuja limepigiliwa misumari, na watu wa kampuni wakasema lisifunguliwe. Kwetu mtu hazikwi kabla wa nyumbani hawajamwona uso. Mama aliomba, akalia. Baba mdogo Elimringi akasema kaburi limeshachimbwa migombani, mchungaji anasubiri, tusiwaaibishe wageni waliotoka mbali. Tukazika. Tangu hapo kila Jumamosi mama anafagia pale na kumsimulia mumewe mambo ya nyumbani. Sasa anakaa tu jikoni, ananiuliza, "Susana, miaka yote hii nilikuwa namsimulia nani?" Nimjibu nini? Njoo umjibu wewe!

Baba mdogo naye alikuja juzi na sukari yake, eti picha za simu siku hizi zinatengenezwa, tuyaache yaishe. Nimemrudisha getini na sukari yake. Sijutii hata kidogo.

Barua hii nilitaka iwe ya kukukataza tu. Nilitaka kukuambia ukikanyaga kule, usikanyage tena kwangu. Lakini leo asubuhi mama ameniita, akasema, "Mwambie aende. Huyu tuliyemzika naye ana kwao."

Basi nenda, ila si kwa mahema wala picha. Hao wenzako waambie watafute bonde lingine la kuchezea. Wewe tafuta wachimbaji wa zamani waliobaki, na wajane wao. Uliza ni nyumba gani ilimsubiri mtu wao baada ya siku ile, asirudi, na wasipewe hata maiti. Ukiipata, vua hiyo helmeti, wasalimie kwa adabu, uwaambie mtu wao yuko Meru, amezikwa vizuri, na hajakosa wa kumtunza. Waje wamwone. Baba usimguse. Mama atakwenda mwenyewe, kwa basi.

Daniel, mume wangu, anakusalimu. Yeye ana moyo kuliko mimi. Nisalimie sana Rachel, na watoto uwabusu. Shangazi Ndeshi hapa anasema amekusamehe. Mimi bado.

Mungu akufikishe salama, na amweke hai mama yake huyo aliyelala kwetu mpaka umfikie.

Wako akupendaye, ingawa wiki hii kwa shida,

Dada yako,
Susana