Jina la Kuandika Chini ya Patasi

Jumapili, 4 Oktoba 1998
Miguu imevimba. Wiki nzima jikoni shuleni, halafu leo tena soko la mitumba, kwenye matope! Ila nimepata patasi za nakshi, zimejaa kopo zima la biskuti. Muuzaji: chukua mama, unipunguzie mzigo, mgongo wangu si wa punda. Chapa ni ya kiwanda. Lakini hapa Sheffield, mji wa vyuma, nani asiyejua — kiwanda kilipiga chapa tu. Waliozifua kwa nyundo ni watu kama baba, kwenye vyumba vya kukodi, moshi na vumbi, majina yao hayaonekani popote. Nadhani hizi ni zake. Tumbo la patasi, ule upande wa ndani uliobonyea, limeng'arishwa mpaka unajiona. Nani mwingine aliweza hivyo?

Jumanne, 6 Oktoba
Nimempigia simu Bw. Tranter wa makumbusho. Kafurahi kupita kiasi. Wana kabati la vioo, anataka kila kifaa kiwe na jina la aliyekitengeneza. Atakuja Jumatatu nyumba ya wazee anakotunzwa baba, amsikie mwenyewe, kisha mimi, binti, nithibitishe. Angalau baba atajwe mara moja kabla hajafa. Sitaki kingine. Halafu nilale.

Alhamisi, 8 Oktoba
Sijui niandikeje.
Nimempelekea baba patasi moja. Siku hizi haongei, anatazama dirisha tu. Leo kaishika, kaipapasa kwa dole gumba, akacheka! Hii si yangu, kasema. Mimi nilikuwa nafua chuma tu. Kunoa na kung'arisha sikuwa na subira. Hii ya Edie.
Edie ni mama.
Mama aliyekuwa akitoka na kikapu — nampelekea baba yako chakula, mwanangu, wewe nenda shule. Jioni anarudi vidole vyeusi. Makaa ya jiko, alikuwa akisema. Nami nikaamini! Nikamwuliza baba, mbona hukusema? Akanijibu: kiwanda kingejua ni kazi ya mwanamke, kingenunua? Basi, akarudi kwenye dirisha lake.
Na sifa zote zile za baba gazetini, Wilf Housley mwenye mikono ya dhahabu! Mama ndiye aliyeikata habari ile kwa mkasi akaitia kwenye fremu. Sasa yuko kaburini mwaka wa kumi na mbili. Nina hasira na mzee wa miaka tisini na moja anayelishwa uji kwa kijiko. Hasira yenyewe inachosha.

Jumatatu, 12 Oktoba
Naandika upesi. Bw. Tranter kashuka kwenda kwenye gari lake kuchukua kamera.
Baba leo kaamka na akili zake timamu. Kaomba tai! Bw. Tranter akamwuliza kwa adabu: mzee, niandike jina gani? Nilikuwa nimejiandaa kulitaja la mama. Jana niliapa nitasema. Baba kanitangulia: Housley. Wilfred. Sauti kavu, ile ya zamani. Bw. Tranter akaandika, akatoka mbio, furaha tele.
Nikasema, baba, na mama je?
Kanikamata mkono. Tafadhali, Edie, kasema, usimwambie yule bwana.
Sikumwambia kwamba mimi si Edie. Nimemhurumia, na nimemchukia, vyote kwa pamoja.
Nasikia viatu vya Bw. Tranter kwenye ngazi. Atataka nithibitishe. Baba hajauachia mkono wangu, naandika kwa huu mwingine tu —